Kifungu cha Nne

Wananiita Bwana Mstari, na najua fika hawaniiti hivyo kwa mapenzi. Kwenye klabu yetu ya kulenga shabaha kuna mstari wa njano sakafuni, hatua tatu nyuma ya meza za bunduki. Mimi ndiye ninayeupaka rangi upya kila mwaka, na mimi ndiye ninayewafokea wanaouvuka kabla sijawaruhusu. Uwe hakimu, uwe na magari manne, nitakutolea uvivu mbele ya watu. Nimepima ardhi za watu miaka thelathini na moja kabla sijastaafu, nimeona ndugu wa tumbo moja wakikatana mapanga kwa sababu ya hatua mbili za ardhi, kwa hiyo mtu asije akaniambia mstari ni mstari tu.

Lakini nisijifanye shujaa. Jumamosi ndiyo siku yangu pekee yenye watu. Mke wangu ana miaka minne kaburini. Binti yetu ameolewa mbali, ananipigia simu kila Jumapili, ananiuliza kama nimekula, namwambia nimekula, tunaagana. Baada ya hapo naweza kumaliza wiki nzima sijaongea na mtu ila muuza mkate. Jumamosi asubuhi, nikijaribu kuita watu wapange foleni, sauti hutoka na kutu, inabidi nikohoe mara mbili tatu ndipo ikae sawa. Jioni nyingine zote, nikishaosha sahani yangu moja, naitoa bunduki kabatini, naifuta, nafungua komeo lake, kile chuma cha kufungia chemba ya risasi, na kulifunga, nafungua na kulifunga. Haihitaji kufutwa kila siku. Mimi ndiye ninayehitaji kitu cha kushika.

Sheria zetu si nyingi. Filimbi ikilia, kila mtu anaacha kufyatua. Anafungua komeo, anachomeka kijiti chekundu ndani ya chemba ili hata aliye mbali aone kwamba hamna risasi, anailaza bunduki mezani, kisha anarudi nyuma ya mstari wa njano mikono mitupu. Hapo ndipo watu wanakwenda mita mia mbele kubadilisha karatasi zao za shabaha. Mpaka arudi wa mwisho, hakuna kugusa bunduki. Si kuifuta, si kuisogeza, si kuchungulia kwenye darubini yake. Hicho ni kifungu cha nne, nilikiandika kwa mkono wangu: atakayegusa bunduki watu wakiwa mbele anaondoka siku hiyohiyo, na uanachama wake umekwisha. Cha tano ni adabu zaidi kuliko sheria. Yeyote, hata mgeni wa siku ya kwanza, akiona jambo haliko sawa anapaza sauti: "Acha!" Na aliyesimamishwa habishi, hajitetei, hanuni. Jibu lake ni moja tu. Anasema asante.

Daktari wa meno aliijua adabu hiyo kuliko sisi sote. Alikuwa rafiki yangu, na niseme ukweli, sikuwa na mwingine. Watu wakishaondoka tulikuwa tunabaki wawili kwenye meza ya sita tukisafisha bunduki, yeye akinitania kwamba siku moja nifungue kinywa aangalie kelele zote zile zinatokea jino gani. Kisha siku moja, miezi kumi na minne iliyopita, nilikwenda mbele kubandua karatasi yangu. Nilikuwa nimepiga vizuri siku ile, vizuri kuliko siku zangu zote. Yeye huku nyuma hamu ikamshinda. Akashika bunduki yake ili aone kwa darubini risasi zangu zimeingia wapi, na mtutu ukanielekea mimi. Mwenyekiti wetu, mwenye duka la vioo, aliyesimamia mstari siku ile, ndiye aliyepiga kelele. Daktari akailaza bunduki, akasema asante.

Nilirudi mezani. Nikamwandika kwenye daftari mbele ya wote, nikamwambia akabidhi kitambulisho chake ofisini. Hakujitetea hata kidogo. Aliniangalia, akakunja kitambaa chake cha kusafishia, akaenda zake. Tangu hapo meza ya sita nimekaa peke yangu. Nilijiambia kwamba amenichukia, na kwamba ana haki ya kunichukia. Hata mtaa wake niliacha kuupita, nikawa nazunguka kwa nyuma ya shule kila nikienda dukani, mzee mzima najificha.

Sasa Jumamosi iliyopita alikuja mgeni, mshonaji wa sare za shule, mama wa miaka hamsini hivi, mpole, ana alama za sindano kidoleni. Kwetu mgeni wa mara ya kwanza hashiki bunduki, anakaa kwenye benchi la nyuma anatazama. Nilimsomea vifungu vyote. Nilipofika cha tano nilimkazia macho. Nikamwambia akiona lolote, hata kama hana hakika, apige kelele, na hapa hakuna atakayemkasirikia. Akaniuliza, hata nikikosea, mzee? Nikamwambia hata ukikosea, mama.

Watu walikuwa wachache siku hiyo, ikabidi na mimi nipige raundi moja kutimiza idadi. Nikapuliza filimbi, tukalaza bunduki, wanachama watano wakaenda mbele. Mimi nikabaki, kama kawaida ya msimamizi. Kulikuwa na upepo mdogo, na nilikuwa namwaza binti yangu, maana Jumapili ya nyuma hakupiga simu. Nilikuwa nahesabu saa: labda leo jioni, labda kesho. Bunduki yangu ilikuwa mezani mbele yangu na kulikuwa na vumbi juu ya kitako.

Sikumbuki kuvuka mstari. Ninachokumbuka ni kitambaa mkononi, na kile kijiti chekundu kikiwa mezani badala ya kuwa kwenye chemba, na sauti ya komeo likifungwa. Sauti ileile ya kila jioni. Mikono yangu ilidhani iko nyumbani.

"Acha!"

 Kule mbele watu watano walikuwa wamechutama chini, mikono vichwani, kama tulivyofundishana. Nikaona mtutu wangu umewaelekea. Kufumba na kufumbua nililifungua komeo, nikachomeka kijiti, nikaruka nyuma ya mstari. Walipoinuka kutazama, mimi nilikuwa nimesimama pale pale panapotakiwa, mikono mitupu, na nyuma yangu mama wa watu kasimama mkono kifuani.

Mwenyekiti alikuja anahema, akauliza kuna nini, nani kapiga kelele. Na mimi, mimi Bwana Mstari, nikasema:

"Ni mgeni. Ameshtuka tu."

Wallahi yalinitoka kabla sijayapima. Wakacheka, kwa nafuu zaidi kuliko kwa dharau. Mmoja akamtania kwamba hapa hatupigi kelele kwa ajili ya mjusi. Mwenyekiti, ambaye ni mtu wa watu, akamwambia asijali, kila mtu huwa na woga mwanzoni. Mama akaniangalia. Nilisubiri aseme. Angesema neno moja tu ningekwisha. Badala yake akachukua mkoba wake kwenye benchi, akanipitia karibu, na kwa sauti ya kusikiwa na mimi peke yangu akasema:

"Labda mimi ndiye sikuona vizuri, mzee."

Akaelekea getini.

 Nikaiona nyumba yangu, ile sahani moja, ile redio ninayoiwasha ili kuwe na mtu anayeongea. Nikinyamaza, ninabaki na Jumamosi zangu. Nikisema, sina siku hata moja. Hesabu ilikuwa nyepesi hivyo, na najua hakuna ambaye angejua. Lakini yule mama angekwenda nyumbani akiamini kwamba macho yake yamemdanganya, na siku nyingine, mahali pengine, angeona jambo akanyamaza. Hilo ndilo lililonishinda. Na daktari wa meno alisema asante mara moja, hakupepesa macho, wakati mimi nimemsingizia mwanamke wa watu mjusi.

Nikapuliza filimbi. Nikamwita mama arudi. Nikawaambia wote palepale, bila kuzunguka: nimegusa bunduki mkiwa mbele, nimetoa kijiti, nimefunga komeo, mama ameona, mimi nimesema uongo. Nikafungua daftari nikaandika jina langu, tarehe, kifungu cha nne. 

Mwenyekiti alijaribu. Akanishika bega, akasema mzee wetu, tusiende haraka, bunduki yenyewe haikuwa na risasi, sote tunakujua, onyo linatosha. Akaangalia wenzake, nao wakaitikia kwa vichwa. Jamani, hasira ilinipanda, na nadhani ilikuwa hasira juu yangu mwenyewe.

"Na ya daktari wa meno ilikuwa na risasi?"

 Nikavua filimbi shingoni, nikamkabidhi. Kisha nikamgeukia mama mshonaji, nikamwambia asante. Akatikisa kichwa kidogo, akasema, "Imechelewa, mzee, lakini nimeipokea." Akarudi kukaa kwenye benchi lake. Hilo angalau nililiona kabla sijaondoka.

Nilifika nyumbani haijatimia saa sita mchana. Nikaifungia bunduki kabatini. Nikakaa kwenye kiti. Redio sikuiwasha. Simu niliiweka mezani nikaitazama, haikulia, na kwa nini ilie, ilikuwa Jumamosi. Upepo ukigeuka, kutoka kwangu unaweza kusikia milio ya klabu. Nikaisikia, mmoja mmoja, kisha kimya cha kubadilisha karatasi, kisha milio tena. Walikuwa wanaendelea vizuri tu bila mimi. Niseme tu nililia, sina wa kumficha.

Baadaye nikaosha uso, nikatoka, na safari hii sikuzunguka nyuma ya shule. Nilikata mtaa wa daktari moja kwa moja mpaka kwenye geti la bluu, nikagonga. Kidirisha cha geti kikafunguka. Amezeeka. Ndevu zimekuwa nyeupe zote, na hakuwa na miwani, kwa hiyo alinitazama kitambo kabla ya kunijua. Hakusema karibu.

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama palepale nje, tangu vumbi la kitako mpaka daftari. Nikamwambia nimekuja kumwomba msamaha, nilimwonea.

"Hukunionea," akasema. "Mtutu ulikuwa kifuani mwako. Ingekuwa mimi ningefanya hivyohivyo."

Nikamwambia basi kama ni hivyo mbona ameninyamazia miezi kumi na minne, hata salamu.

Akaniangalia kama alivyoniangalia siku ile akikunja kitambaa chake.

"Ulinifukuza klabuni, ndugu yangu. Hapa kwangu nani alikufukuza?"

 Akaniuliza kutoka kwangu mpaka hapa ni mwendo gani. Nikasema dakika ishirini kwa miguu.

"Dakika ishirini," akarudia. "Jumamosi ile ya kwanza nilichemsha chai ya watu wawili. Nilijua utakuja, hata kama ni kuja kunifokea tu. Ya pili nikachemsha tena." Akatazama barabara nyuma yangu. "Ya tatu nikaacha."

Nilikuwa na maneno mengi kichwani. Kwamba nilidhani amenichukia. Kwamba niliona aibu. Kwamba na mimi nilikuwa peke yangu, kule kwangu, dakika ishirini tu. Yote ya kweli, na yote ya kujitetea. Nikayameza.

"Asante," nikasema.

Alikaa akinitazama kwenye kile kidirisha, muda mrefu. Kisha akasema ningoje, ufunguo wa geti hajui ameuweka wapi, halijafunguliwa kwa mgeni siku nyingi. Kidirisha kikafungwa. Nikasikia kandambili zake zikienda ndani, droo ikivutwa, nyingine ikivutwa. Nikasimama hapo nje nikingoja, mikono mitupu.