Robo Tatu ya Inchi

Watu walimwita Milimita, na jina hilo alilipata kwa haki. Katika gereji yake ndogo, iliyobanwa kati ya duka la betri na ukuta wa shule, alitengeneza rimu za chuma kwa wale ambao rimu za dukani haziwatoshi: wenye magari ya zamani, wenye uchu wa tairi pana, na wale wanaotaka tu gari lao lisimame barabarani kifua mbele. Kazi hiyo haina msamaha. Rimu ni vipande viwili. Kuna pipa, lile duara linalovaa tairi, na kuna sahani, ile ya katikati yenye matundu ya nati, inayokwenda kukaa kwenye kitovu cha gari. Ukishachomelea sahani ndani ya pipa, umeshaamua. Ukiisogeza sahani kwa nje, pipa linaingia ndani ya gari na kung'ata shokapu. Ukiisogeza kwa ndani, gurudumu linatokeza kama mtu aliyeshika kiuno, na kukwaruza madigadi, lile bati linalofunika tairi kwa juu. Kati ya kung'ata na kukwaruza pana njia nyembamba, na Milimita aliipita kila siku bila kuyumba.

Kipimo mama, alikuwa akisema, ni nafasi ya nyuma. Unalaza rimu kifudifudi, unapitisha rula ndefu ya chuma juu ya ukingo wake, halafu unapima kutoka kwenye rula kushuka hadi pale sahani inapogusa kitovu. Basi. Ile ofseti ambayo wateja walipenda kuitaja ili waonekane wanajua, ni umbali wa sahani hiyo hiyo kutoka katikati ya pipa. Ukishajua nafasi ya nyuma na upana wa pipa, ofseti inajileta yenyewe. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba anapima yeye mwenyewe. Mteja hupima kwa matumaini, alisema, na matumaini hayana alama za milimita.

Sasa mtu wa namna hiyo, aliyewahi kuikata upya rimu nzima kwa sababu ya unene wa kucha, ndiye aliyekuja kukosea kwa makusudi. Usimcheke kabla hujamwona fundi cherehani.

Fundi cherehani aliingia asubuhi moja na futi yake ya kupimia nguo shingoni, mtu mzima, shati limenyooka, tabasamu halina haraka. Alieleza kwamba gari lake la zamani limepandishwa juu ya matofali nyuma ya duka lake la kushonea, rimu zote zimeliwa na kutu. Alitaka nne mpya, pana kidogo kuliko zile, kwani tangu alinunue gari lile alikuwa akiliona limevaa suruali ya mdogo wake. Milimita akacheka, naye si mtu wa kucheka na wateja. Shangazi yake, aliyemlea na ambaye sasa ndiye mpaka rangi wa gereji, akainua kichwa kutoka kwenye kopo lake.

Kwa kawaida Milimita angebeba rula yake, akaenda akapima, na kabla ya wiki kwisha gari lingekuwa barabarani. Alishafungua kinywa kusema hivyo. Kisha akapiga hesabu nyingine, ya haraka: gari likishuka kwenye matofali, mtu huyu ataaga, na mtu anayetunza gari lake vizuri harudi kwa fundi wa rimu mpaka uzeeni. Akafunga kinywa. Akakifungua tena na kumwambia, kwa sauti ya kikazi kabisa, kwamba itabidi ajifunze kupima mwenyewe. Kule pembeni brashi ya shangazi ilisimama hewani.

Basi yakaanza mafunzo, na fundi cherehani akawa mwanafunzi mzito kuliko wote waliowahi kuzaliwa. Huyu ni mtu ambaye, kwa sifa zake mtaani, alimtazama mpita njia ng'ambo ya barabara na kumkatia suruali bila kumgusa. Lakini rula ya chuma ilimshinda. Siku ya kwanza aliondoka akiwa ameelewa kila kitu. Kesho yake alirudi kuuliza: hii nafasi ya nyuma ni nyuma ya gurudumu, au ni magurudumu ya nyuma? Milimita alikiri kwamba swali ni la haki, akaeleza upya, na safari hii ikabidi amshike mkono ili rula ikae sawa. Akarudi tena kuuliza kama unapimia ukingoni kabisa mwa chuma au pale tairi linapokaa. Akarudi kuuliza jambo ambalo alipofika alikuwa amelisahau, akanywa chai, akaenda zake.

Waliitana "Fundi", kwa kuwa wote wawili walikuwa mafundi. Ilikuwa Fundi shika hapa, Fundi tazama hapa, mpaka shangazi akalalamika kwamba hajui tena ni nani anaitwa na nani anaitika. Milimita alimpenda, hakuna haja ya kuzunguka. Alimpenda mpaka akaanza kuvaa hereni chini ya kinyago cha kuchomelea, mahali ambapo hata yeye mwenyewe hawezi kuziona. Shangazi akamwambia, bila kuulizwa, kwamba mapenzi ni kikohozi, na yeye anakohoa mtaa mzima unasikia.

Hatimaye fundi cherehani alikuja na kipimo. Alisema amepima mwenyewe kutoka kwenye kitovu hadi kwenye shokapu, akaacha upenyo wa kidole kama alivyofundishwa, na nafasi ya nyuma inayotakiwa ni inchi tano na nusu. Aliyasema hayo huku akitazama viatu vyake. Milimita aliandika ukutani kwa chaki milimita mia na arobaini, wakakubaliana kwamba atatengeneza gurudumu moja kwanza la kujaribia, na likikaa vizuri atamalizia yale matatu.

Alipobaki na pipa na sahani mbele yake, raha ikamwishia. Likikaa. Hapo ndipo palipomuuma. Kwa mikono yake yeye lazima likae, na likikaa, mafunzo yamekwisha, chai imekwisha, Fundi shika hapa imekwisha. Akatazama mia na arobaini pale ukutani. Akaishika sahani, akaipunguzia nafasi ya nyuma milimita ishirini kwa kuisogeza ndani ya pipa, kwa uangalifu ule ule ambao siku zote aliutumia kusema kweli. Alijiambia kwamba ni gurudumu la majaribio tu, halitaingia barabarani, na hasara ni yake. Litakwaruza madigadi, atasema pole, atalivunja na kulitengeneza upya, na kwa kulitengeneza upya itabidi mwenye gari aje apime tena. Akashusha kinyago akachomelea. Aibu ilikuwepo, hakuikana, lakini furaha ndiyo iliyokaa kiti cha mbele.

Shangazi alipolilaza gurudumu lile ili alipake rangi, aliweka rula juu yake kwa mazoea tu, akasoma, akatazama chaki ukutani, akasoma tena. Akachovya brashi, akapaka rangi kama kawaida. Ila siku ya kwenda kulijaribu alitangaza kwamba na yeye anakwenda, kubeba spana.

Uwanja wa nyuma ya duka la kushonea ulikuwa mdogo na msafi, na vipande vya vitambaa vimekusanywa kwenye pembe moja kwa rangi zake. Gari lilikuwa katikati, juu ya matofali, limevaa koti. Fundi cherehani alikuwa amelishonea koti la turubai, lenye kola, vifungo mbele na mfuko wa kifuani. Alimwamkia shangazi kwa shikamoo iliyokaribia kumgusisha kichwa magotini, kisha akalifungua gari vifungo kimoja kimoja, vidole vikiteleza kwenye kila kimoja. Milimita aliona hivyo na moyo ukamchoma. Maskini, alifikiri, ana hamu ya gari lake, na mimi nakuja kumvunja moyo.

Wakapiga jeki. Milimita akalipandisha gurudumu kwenye kitovu, akakaza nati, akalizungusha huku ameshatayarisha pole yake mdomoni. Gurudumu likazunguka kimya. Fundi cherehani aliinama akasikiliza upande wa shokapu, uso umekunjamana. Wakaishusha kona ile ili gari likae kwa uzito wake. Kimya. Wakakata usukani kulia, wakakata kushoto. Shangazi, ambaye hakuwa mwembamba, akapanda juu ya boneti bila kuombwa na kuanza kujirusharusha ili springi zishuke mpaka mwisho. Madigadi ilishuka juu ya tairi, ikalikosa kwa upenyo wa kidole, ikapanda tena. Lilikaa kama nguo ya kupimiwa.

"Haiwezekani," alisema Milimita.

"Haiwezekani," alisema fundi cherehani, wakati ule ule.

Wakatazamana. Shangazi akauliza kutoka juu ya boneti ni kitu gani hakiwezekani, wakati gurudumu limekaa kama limezaliwa hapo.  Milimita alikuwa ameanza kuhesabu. Yeye alipunguza ishirini, hilo analijua kama anavyojua jina lake. Kama limekaa, basi kipimo alicholetewa kilizidi kwa hizo hizo ishirini. Na mtu anayekata suruali kwa macho hawezi kukosea kiasi hicho kwa bahati mbaya. Masikio yenye hereni yakashika moto.

"Fundi," alisema, "ulipima inchi ngapi?"

"Tano na nusu."

"Hiyo ndiyo uliyoniambia. Nimekuuliza ulipima ngapi."

Fundi cherehani aliivua futi shingoni, akaizungusha vidoleni, akaizungusha tena. "Nne na robo tatu," alisema.

"Na hiyo robo tatu nyingine uliitoa wapi?"

"Niliiongeza mwenyewe."

Akaeleza, maneno yakijikwaa. Alikuwa ameishiwa maswali. Alikuwa amekaa dukani akitafuta swali lingine la rula na hakulipata, kwani rula aliielewa tangu siku ya kwanza. Akaona kwamba gurudumu likikwama kwenye shokapu ataitwa tena, na hiyo tena ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Kisha akakatisha maelezo na kuitazama futi mkononi, maana fundi wa vipimo ni fundi wa vipimo hata akiwa anakiri makosa.

"Lakini nilikudanganya, Fundi. Lilipaswa kukwama. Mbona halikukwama?"

Hapo Milimita alikitamani kinyago chake kuliko kitu chochote duniani. Alitazama matofali, akatazama koti la gari, akatazama kila kilichokuwepo isipokuwa yule aliyeuliza.

"Mjibu mwenzio," alisema shangazi.

"Nilipunguza."

"Kiasi gani?"

"Milimita ishirini."

Fundi cherehani aliitandaza futi yake juu ya madigadi. Upande mmoja ulikuwa wa inchi, upande wa pili wa sentimita. Akaweka ukucha kwenye robo tatu, akaigeuza futi bila kuuondoa, akasoma polepole, akasoma tena. Kumi na tisa. Alipoinua macho yalikuwa yamejaa kicheko na kitu kingine zaidi ya kicheko.

"Umenizidi kwa milimita moja," alisema.

Basi wakacheka. Walicheka mpaka ikabidi mmoja aegemee mlango na mwingine akae juu ya tofali, na kila mmoja alipotulia alimwona mwenzake akaanza upya. Shangazi alicheka mpaka boneti ikalia chini yake. Aliposhushwa alifuta machozi kwa kitambaa cha mteja na kusema kwamba njia ya mwongo ni fupi, sembuse ya waongo wawili wanaotembea kuelekeana.

Fundi cherehani alilivalisha gari koti lake, kifungo hadi kifungo, na alipofika cha mwisho hakukifunga. Alisema, bila kugeuka, kwamba gurudumu limekaa, na yale matatu nayo yatakaa.

"Sasa kesho nije na sababu gani?"

"Njoo tu," alisema Milimita.

Akaja. Alikuja mikono mitupu na shingo tupu, hana swali lolote, na shangazi akagundua ghafla kwamba rangi imemwishia na lazima aende dukani akanunue nyingine. Ama yale magurudumu matatu, yalikwisha na gari likashuka kwenye matofali yake. Milimita angeweza kuyatengeneza kwa kipimo cha kweli kabisa, inchi nne na robo tatu. Hakufanya hivyo. Aliyachomelea yote yakiwa na upungufu ule ule wa milimita moja, na mafundi wenzake wanapomuuliza, huwaambia ndivyo linavyotaka gari lenyewe.