Sauti ya Zélie Ilibaki Moulins

Ijumaa jioni Ghislain alimpokea binti yake kwenye maegesho ya duka la mikate nje kidogo ya Nevers, katikati ya nyumba ya baba na nyumba ya mama, kama jaji alivyoamua. Solène, mtalaka wake, hakushuka garini. Alishusha kioo na kumpa begi.

"Ameshakula. Usimpe soda," alisema. "Na sauti yake imebaki Moulins. Ilikataa katakata kutoka nyumbani."

"Imebaki na nani?"

"Na mama yangu. Watakupigia."

Ghislain akamfunga Zélie mkanda. Mtoto alikuwa na miaka minne. Alifungua kinywa, akakifunga, kisha akaelekeza kidole kwenye mkate wa chokoleti dirishani. Akanunuliwa.

Walikuwa wakienda Auvergne kuona volkano. Kila wikiendi iliyokuwa zamu yake, Ghislain alimpeleka mtoto mahali, mara kasri, mara bustani ya wanyama, kwa sababu nyumba yake ya Bourges ilikuwa chumba na sebule, na wakikaa humo wawili peke yao walianza kutazamana kama abiria wanaosubiri treni. Barabarani angalau kulikuwa na cha kuonyeshana.

Hawajafika mbali simu ikaita. Ghislain akaiweka mbele ya usukani, akafungua spika.

"Baba, niko jikoni," ilisema sauti ya Zélie. "Bibi anamenya viazi."

"Na huku uko kwenye gari, mwanangu. Tunapita ng'ombe."

"Wa rangi gani?"

"Weupe."

"Mbona mimi siwaoni?" ilisema sauti, na ikaanza kulia. Kwenye kiti cha nyuma machozi yalimtiririka Zélie kimya kimya, na Ghislain hakujua ambembeleze yupi.

Walilala kwa Bi Ginette, mjane aliyekodisha vyumba kwenye shamba lake la ng'ombe wa maziwa. Aliwapakulia viazi vilivyokaangwa na jibini, akamuuliza mtoto jina. Ghislain akamweleza ilivyo.

"Ah, mzazi mmoja huku, mwingine kule," alisema Bi Ginette, akiongeza viazi. "Mjukuu wangu mimi aliacha hamu ya kula kwa baba yake, Limoges. Humrudia sikukuu ya Noeli tu. Basi siku hiyo tunapika kweli kweli!"

Jumamosi walipanda mlimani kwa treni ndogo. Huko juu simu haikushika mtandao. Upepo ulimpokonya kofia mzee mmoja mnene, akaikimbiza kwenye majani huku akiitukana kama mtu anayegombana na mkewe, na Zélie akacheka mpaka akakaa chini. Mabega yalimtikisika, hakusikika kitu. Ghislain alisimama kando yake, naye hakucheka.

Waliposhuka simu ikaita.

"Nilicheka?" iliuliza sauti.

"Sana."

"Nilicheka nini?"

Akaieleza habari ya mzee na kofia.

"Nisimulie tena."

Akasimulia tena, safari hii akiongeza matusi. Sauti ilisikiliza mpaka mwisho, ikasema haya, ikaomba kuongea na sungura wake wa kitambaa aliyekuwa begini. Usiku huo walirudi kulala Bourges.

Jumapili jioni Solène alifika Nevers na sauti kwenye kiti cha nyuma, ikiimba. Zélie alipopanda ilimwingia kinywani, akapata kwikwi kidogo, kisha akasema, "Baba, kwaheri," na hayo ndiyo maneno pekee aliyoyapata Ghislain kinywani mwa mtoto wikiendi nzima.

Alishika mlango wa gari asiufunge.

"Solène. Labda akae sehemu moja."

"Sehemu gani?"

Ghislain akarekebisha mkanda wa mtoto.

"Kwako?" aliuliza Solène.

"Sikusema kwangu."

"Basi kwangu."

"Hilo nalo sikulisema."

"Haya, funga mlango basi, mtoto anapigwa na baridi."

Akaufunga.

Jumatatu aliporudi kutoka kazini alasiri, alisikia mtu akipumua chumbani. Kitanda cha Zélie kilikuwa kitupu, lakini shuka lilipanda na kushuka, na mto ulikuwa na joto. Ghislain akatoka taratibu hadi kwenye ngazi, akapiga simu.

"Usingizi wake umebaki kwangu," alisema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo maana," alisema Solène. Alisikika amechoka. "Hajafumba jicho tangu jana. Amejilaza tu anatazama dari. Ulete."

"Kesho naingia kazini alfajiri. Njoo uuchukue."

"Mimi jana nimeendesha na sauti kwenda na kurudi. Zamu yako."

"Nevers, basi. Katikati."

"Leo siwezi kufika Nevers, Ghislain."

"Hata mimi."

Nyuma ya Solène mtoto aliuliza kama kumeshakucha. Kisha simu ikakatika, na hakuna aliyepiga tena.

Ghislain alirudi ndani. Angeweza kuufungasha ule usingizi kwenye blanketi na kuupakia garini. Alilifikiria hilo akiwa amesimama mlangoni na funguo mkononi. Kisha akavua viatu, akafunga pazia, akakaa sakafuni kando ya kitanda, akihema polepole asije akauamsha.