Asante Iliyovuka Mpaka

Kabla ya kuanza, Mzee Wabwire wa Tiira aliapa mbele ya wote waliozunguka mtungi wa malwa, pombe ya wimbi inayonywewa kwa mirija, kwamba haya ni kweli tupu. Anayebisha athibitishe kuwa ni uongo, amchukue jogoo mwekundu wa Wabwire aende naye.

Resty alikuwa amepata kazi ya kuhudumia wageni katika hoteli moja ya Busia, upande wa Kenya. Kazi ya kujaribiwa, bado hajaajiriwa. Bosi wake, Griffins, kijana wa tai na viatu vya kung'aa, alimwambia hapo wanakula watu wa mashirika, kwa hiyo asante ya mteja ina jibu moja tu: "You are welcome." Ukishasema, unageuka, unaenda meza nyingine. Akishindwa hilo kufikia Ijumaa, arudi kwao Tororo.

Resty aliitaka kazi ile kuliko usingizi. Shida ni malezi. Kwao, mtu akikushukuru humwachii asante yake ikining'inia kama nguo isiyo na mwenyewe. Unamshukuru kwa kushukuru. Naye, kama kalelewa, anakushukuru kwa hilo pia, mpaka mmoja achoke au mvua inyeshe. Kusema welcome na kugeuza mgongo, Resty aliona ni sawa na kumfukuza mtu.

Alijikaza hadi Ijumaa. Mchana akaingia mzee Emuron kutoka ng'ambo, upande wa Uganda, akala samaki mbuta mzima mpaka mifupa ikaona haya, akasimama na kofia mkononi.

"Thank you, my daughter."

Welcome ilikuwa hapo hapo kwenye ncha ya ulimi. Lakini zile mvi zilikuwa zinamtazama.

"Thank you for appreciating, Papa."

Mzee akainama, akamshukuru kwa adabu yake. Resty akapiga goti, akamshukuru kwa kuiona. Mchuzi wa meza ya pili ukaganda. Dereva wa lori la saruji akasahau chai yake, akaanza kubashiri nani atashinda.

Griffins akatoka jikoni mbio. "Wewe, hiyo ni shukrani ama ni mkutano wa kampeni?" Akamnong'oneza avue aproni. Kisha akamgeukia mzee kwa tabasamu la kihoteli: "You are welcome, sir."

Mzee akamshika mkono kwa mikono miwili, akamshukuru kwa kuajiri binti mwenye heshima namna ile. Hapo Griffins akapotea. Alisahau kwamba aliyemlea yeye ni nyanya yake wa Mwello, huko huko Tororo. Kabla tai haijamzuia, mdomo ukasema wenyewe: "Thank you for appreciating."

Wakatoka nje wakishukuriana. Wakapita foleni ya malori. Askari wa mpakani akataka vitambulisho, wakamshukuru kwa kazi, naye akajibu, wakawa watatu. Griffins alirudi jioni, tai imegeukia mgongoni, mkungu wa matoke kichwani, maana mzee hakukubali waachane mikono mitupu.

Akakuta hoteli imejaa, wote wamekula, na Resty bado na aproni kiunoni, kwa kuwa hakupata nafasi ya kuivua. Griffins akautua mkungu.

"Resty," akasema, "thank you."

Resty akamtazama. Aliona kinywa kimekaa tayari kwa duru nyingine, lakini viatu vya kung'aa vimegeuka rangi ya vumbi. Akamhurumia.

"You are welcome," akasema, akageuka, akaenda meza nyingine.

Jumatatu akaajiriwa.

Mzee Wabwire alipomaliza, mgeni mmoja nyuma yake alivuta mrija taratibu, akauliza kama ule mkungu ulikuwa mkubwa. Wabwire akamwambia ulihitaji mwanamume mzima kuubeba. Mgeni akasema ni ajabu, maana Griffins ndiye yeye, na siku ile aliishia mlangoni. Mzee Emuron alimwachia ndizi mbivu moja, akaila hapo hapo.

Watu wakaanza kuulizia jogoo. Wabwire akamleta mwenyewe, miguu imefungwa. Griffins akamtia kwapani, akasema thank you. Na Wabwire, kwa mdomo ule ule, akamshukuru kwa kushukuru.

Walipoachana, Griffins alikuwa na tetea pia.