Kiti Nilichokikataa Februari

Mzee Sadoki alifungua kikao saa kumi jioni, uani kwake. Ajenda ilikuwa moja: kujaza nafasi mbili za uongozi wa Umoja wa Wenye Nyumba wa mtaa wetu. Mwenyekiti alihamia kijijini Itaka mwezi wa kwanza kulima kahawa. Katibu alikuwa binti yangu Irene, tuliyemzika Mei, miezi miwili iliyopita.

Nilikaa na mkoba mapajani. Ndani mlikuwa na daftari la mihtasari na muhuri. Ni mali ya Umoja, nilikuja kuvirudisha.

"Ukatibu hauna mjadala," alisema Mzee Sadoki. "Kwetu mtu akifa na nafasi yake, ukoo unamtafuta wa kuivaa. Mama Irene amesoma chuo. Avae ya mwanawe."

Wazee wakapiga makofi ya heshima, taratibu, kama msibani.

"Hapana," nilisema. "Mtoto huvaa nafasi ya mzazi. Mzazi havai ya mtoto. Mpeni Brenda, mwandiko wake unasomeka."

Brenda, jirani yangu wa ukuta mmoja, alikuwa tayari analia. "Mama, mimi?"

"Wewe. Futa kamasi, uandike."

Wakamchagua.

"Sasa mwenyekiti," alisema Mzee Sadoki. Kila mtu akatazama viatu vyake.

Kikao cha Februari kilikuwa hivihivi. Siku ile Ngolo, mwenye nyumba ya kona, alisema kiti hicho kina misumari, tukacheka. Wakanitaja mimi. Irene alikuwa meza ya mbele na kalamu yake, ananitazama. Nikasema nina duka la pembejeo, nina kuku mia mbili, sina muda wa kugombana na madereva wa malori. Wakatajwa wengine, nao wakakataa. Tukaenda nyumbani.

Na malori ndiyo yaliyokuwa shida yenyewe. Foleni ya mpakani ikirefuka, madereva huegesha kwenye mdomo wa mtaa wetu, na hatuna njia nyingine. Irene aliandika barua kwa ofisi ya mtaa kuomba nguzo za kuzuia malori zichimbiwe pale. Katiba yetu inataka barua isainiwe na mwenyekiti. Mwenyekiti hakuwepo. Barua ikalala kwenye daftari.

Jumamosi moja ya Mei, saa nne asubuhi, pumu ilimbana Irene. Jirani mmoja alileta gari haraka. Malori mawili yalikuwa yameziba njia, madereva wako ng'ambo ya mpaka, Nakonde. Tukambeba kwa blanketi, watu wanne, tukipenya kati ya matairi. Mimi nilishika upande wa miguu. Kabla hatujafika kwenye lami, nilijua.

"Nani atakubali?" aliuliza Mzee Sadoki.

"Mimi."

"Mama Irene, hatukulazimishi. Una msiba."

"Februari sikuwa na msiba, na nilikataa."

Ngolo alisimama. Safari hii hakuwa na utani. "Dada, usijibebeshe. Barua isingesukuma lori. Wale hata kibao cha polisi hawasomi."

"Labda isingesukuma. Lakini haikwenda, Ngolo. Kaa."

Akakaa, akavua kofia. Mikono yote ikanyooshwa.

Nilimpa Brenda muhuri, daftari nikalifungua mwenyewe. Miezi miwili lilikuwa kabatini kwangu na sikuwahi kuligusa. Barua ilikuwa katikati, imekunjwa mara mbili, mwandiko wa Irene, herufi zimelala kulia. Tarehe ilikuwa ile ya kikao cha Februari. Chini, penye nafasi ya mwenyekiti, alikuwa ameshaandika jina langu, majina yote matatu. Aliliandika kabla hajaja kikaoni. Kisha, nilipokataa, akalikata kwa mstari mmoja, kwa rula, kama nilivyomfundisha akiwa darasa la pili: kosa likate, usilichafue.

Niliinyoosha mikunjo kwa kiganja.

"Niinakili upya, Mama?" aliuliza Brenda. "Hii ina jina lililokatwa."

"Hapana. Inakwenda hiihii."

Nikasaini juu ya ule mstari. Brenda akagonga muhuri, ukakaa upande.

"Ofisi ya mtaa inafungwa saa ngapi?" nilimuuliza Mzee Sadoki.

Akatazama saa yake, kisha akanitazama mimi. "Imeshafungwa, mama."

"Basi kesho saa mbili niko mlangoni."