Asiyekuja Kutazama Maputo

Kwetu hakuna anayealikwa kula bata mzinga wa sikukuu ya kushukuru. Sheria ya Mama ilikuwa moja: ukifika Jumatano kutazama maputo makubwa ya wanyama, ya gwaride la sikukuu, yakijazwa gesi kando ya jumba la makumbusho, Alhamisi una sahani. Usipofika, huna. Binamu mmoja alikosa kwa sababu ya mafua, na Mama hakumfungulia mlango.

Mwaka huu Mama hayupo, na kaka yangu Wilfredo, Fredo wetu, hajanisemesha tangu mazishi. Nilisimama kwenye kona na binti yangu Yadira, baridi ikitutafuna masikio, tukiwaacha watu watupite kwenye foleni. Fredo asipokuja, basi, undugu umekwisha.

Akaja, na kofia yake ileile mbaya.

"Mjomba!" Yadira akamrukia.

"We mtoto, umerefuka hivyo, unakula mbolea?" Kisha akaligeukia puto lililolala kifudifudi chini ya wavu, matako tu yamevimba. "Haya, nani huyu?"

"Dubu," nikasema.

"Dubu gani ana mkia kama huo? Mbwa! Hujapatia hata siku moja, Iraida."

Tukacheka sote watatu. Nikadhani yameisha. Nikamwambia wali wa mbaazi upo, na kiti chake kipo.

Cheko likamfutika usoni. "Kwanza niambie. Mama kalazwa wiki nzima. Kwa nini ulinipigia simu akiwa ameshafunikwa shuka?"

Polisi akapaza sauti tusogee. Hatukusogea.

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Mama mwenyewe alinishika mkono akaniapisha: Fredo asiitwe, hataki kumwona. Hakuwahi kumsamehe kwa kuhama nyumbani. Nikilisema hilo, kesho kaka yangu anakaa mezani, lakini hatakuwa na mama tena, hata wa kumlilia.

"Nilichanganyikiwa," nikasema. "Nilikusahau."

"Simu unayo mkononi, ukanisahau mimi?"

"Ndiyo, Fredo."

Akanitazama kama mtu asiyenijua. Akambusu Yadira kwenye paji la uso, akageuka, akaanza kupenya katikati ya watu.

"Lakini mama, si bibi ndiye aliye..." Yadira akaanza, maana siku ile alikuwapo chumbani.

Nikamziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu kuliko nilivyokusudia, na sikumwachia mpaka mjomba wake alipopotea machoni.