Kisu Chenye Adabu ya Mchana

Tk. Tk. Tk.

Ilikuwa sauti ya ukucha wa kidole changu gumba kwenye kitufe cha kisu, jikoni, kabla hakujapambazuka. Mlangoni palikuwa na kreti mbili za mikate zilizofungwa kwa utepe mgumu wa plastiki, nami nimekaa kwenye kigoda nakibembeleza kisu kama mtu anayembembeleza punda avuke barabara.

Ni kisu cha kukunja. Kitufe chake ndicho loki: usipokibonyeza, bapa halitoki, na likishatoka halirudi. Nimekitumia miaka mingi kukata tepe hizo, ili watu wanaowahi kazini wapate mkate hapa kibarazani kwangu. Msimu ule wa baridi kitufe kikaanza kugoma. Ikifika alfajiri hakiingii hata ukikiimbia. Kisu cha jikoni kipo, na ndicho nilichokuwa nikikatia. Kosa langu lilikuwa kumlalamikia mwanangu.

Mwanangu ni karani wa ghala, na karani akiambiwa jambo lazima alihakiki. Huja kunitazama kila Jumapili mchana. Alikichukua kisu, akabonyeza. Chak. Bapa likatoka kama ulimi wa mtoto mbele ya daktari.

"Kisu kizima, Mama."

"Asubuhi kiligoma."

"Kisu hakina saa." Akanishika mikono, akapapasa vidole kimoja kimoja kama anayetafuta yai lenye ufa. "Ni hivi vidole. Vimechoka."

Tangu baba yake afariki, mtoto huyu anataka nihamie kwake. Chumba alishakipaka rangi, akatundika pazia, akaweka na taa ndogo kando ya kitanda kwa sababu anajua giza hunishtua. Nayaona hayo yote, wala siyadharau. Lakini nyumba yangu ni hii. Watu wanaonisalimia alfajiri, alama za mto zikiwa bado mashavuni mwao, ndio wanaonipa sababu ya kuamka.

Jumapili ya tatu akakata shauri. "Mama, asiyeweza kufungua kisu leo, kesho atashindwa kufungua mlango. Mwisho wa mwezi nakuja na gari nikuhamishe."

"Na kama kisu ndicho kibovu?"

"Nionyeshe, na neno la kuhama sitalitia tena mdomoni."

Basi nikakifunga kisu kwenye leso, nikakitia kifuani, nikaenda kwa fundi wa funguo. Watu humwita Fundi Taratibu, kwa kuwa hajawahi kuonekana akiharakisha. Ni pande la mtu, na duka lake ni dogo kiasi kwamba mteja akiingia, yeye hutoka. Nilifika jua limeshapanda. Nikampa kisu, akabonyeza. Chak.

"Mama, umeniletea mgonjwa aliyepona."

Kesho yake nikarudi. Chak. Siku ya tatu nilikwenda mbio mbio nikiamini nitakiwahi kabla hakijabadili nia, nikafika natiririka jasho. Chak.

"Hiki ni kitoto kitundu," fundi akasema. "Mbele ya wageni kina adabu." Alinifutia kiti vumbi, akanipa maji. Kucheka alicheka, lakini alisubiri nipinde kona kwanza. Nilimsikia, na nikamshukuru kwa kusubiri.

Ila kabla sijaondoka siku hiyo nilipiga moyo konde nikamwambia, "Fundi, njoo wewe kwangu ukione. Alfajiri. Mwanangu ananihamisha mwisho wa mwezi kwa ajili ya kisu hiki."

Nilidhani ataniambia nikapumzike.

"Marehemu mama yangu alikuwa akisema dari inalia," akajibu. "Tukamwambia ni masikio yake, mpaka ilipotuangukia kwenye chai. Nitakuja, Mama."

Mwisho wa mwezi mwanangu akaja na gari, akalala hapa ili tuondoke mapema. Makatoni yalijaa ukumbini. Hata chujio langu la chai alikuwa amelitoa kwenye msumari na kulifunga kwa gazeti, kwa heshima, kama maiti.

Alfajiri fundi akabisha hodi, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi. Nyuma yake akaja muuza mikate anayeniletea mzigo, na kreti zake. Mwanangu akatoka chumbani akipikicha macho.

"Huyu nani?"

"Ni shahidi wangu," nikasema. "Mpe kisu."

Fundi akabonyeza. Kimya. Akabadili kidole. "Taratibu," akajiambia. Akakibana kisu katikati ya magoti, akabonyeza kwa vidole gumba viwili, mpaka kofia ikapanda yenyewe. Kisu kilitulia tuli.

"Lete hapa," akasema mwanangu. Alikaa, akakaza meno, mishipa ya shingo ikasimama. Akabonyeza kwa nguvu zake zote, na ikatoka sauti ndogo ambayo sote tulikubaliana kuwa ni ya kiti.

Muuza mikate akakiomba, akakipeleka mdomoni.

"Hayo meno yaache yatafune mkate wako," nikamwambia.

"Mkate wangu siuli, Bibi. Najua unavyokandwa."

Nilikuwa nimekaa pembeni nakunywa chai. Sikutaka kuwacheka, nao wamejitahidi. Nikasema tu, "Vidole vyenu vimechoka, wanangu. Sasa ninyi mtahamia kwa nani?"

Mwanangu alitazama mikono yake.

Fundi akasogea penye birika lililokuwa linafuka, akakishikilia kisu kwenye mvuke. Baada ya muda tone la mafuta likachungulia pembeni mwa kitufe. Akaligusa, akanusa. Akanusa tena, akanitazama nywele.

"Haya si mafuta ya mashine. Ni ya nazi, ya kupaka kichwani. Baridi ikiingia yanaganda, na humo ndani yamechanganyika na makombo ya mikate, yamekuwa ukuta. Jua likipanda yanalainika. Na wewe, Mama, ulikuwa unakileta dukani kifuani. Ukikipasha moto njia nzima."

"Mimi sijawahi kukitia mafuta," nikasema.

Mwanangu alikuwa anakagua dari.

"Nilikitia mimi," akasema. "Kabla ya baridi. Kilikuwa kinakukwaruza kidole, nikachovya kidogo kwenye kopo lako la nywele ulipokuwa nje."

"Mara moja?"

"Kila Jumapili." Akameza mate. "Ulipoanza kulalamika, nikaongeza."

Muuza mikate alicheka mpaka akakalia kreti, na mikate miwili ya siku ile niliiuza ikiwa bapa. Mimi nilishindwa kumkasirikia mwanangu. Mtu mzima, karani, ananyemelea kopo la mama yake ili kidole cha mama kisiumie. Nilimmiminia chai, nikamwekea sukari kama anavyopenda.

Fundi akakiosha kisu kwa maji ya moto na sabuni, akakisugua kwa mswaki wa zamani, akakikausha vizuri. Kisha akaomba penseli. Mwanangu alikuwa nayo mfukoni, karani hakosi. Fundi akaisugua ncha yake pale loki inapokutana na bapa.

"Penseli inateleza na haigandi," akasema. "Jaribu, Mama."

Nikabonyeza. Chak. Nikakikunja, nikabonyeza tena. Chak. Kule kibarazani watu walishaanza kukohoa kwa adabu, kwa hiyo nikatoka nikakata tepe, nikauza mikate.

Niliporudi ndani, mwanangu alikuwa anafungua makatoni. Hakuna aliyemtuma. Sahani alizirudisha kabatini, blanketi kitandani, na chujio akalitundika kwenye msumari wake. Fundi alimsaidia kusukuma kabati, taratibu, kisha akaaga.

Mwanangu naye akaaga, akaenda mpaka kwenye gari, akafungua mlango, akaufunga. Akarudi, akasimama pale kibarazani akitazama viatu vyake. Nilikumbuka kile chumba chenye rangi mpya, ambacho sasa hakina mtu.

"Sitalisema lile neno, Mama. Nimeahidi." Akakuna kisogo. "Lakini kutembea je? Uje kutembea tu. Ulale siku mbili, nikurudishe mwenyewe. Halafu uje tena."