Kola za Kwaya

Panya wa nyumba ya fundi cherehani walikuwa wachaguzi wa chakula. Kitambaa chenyewe hawakukigusa. Walikula kola tu, kwa sababu fundi alizipaka wanga wa muhogo ili zisimame wima. Mashati ya kwaya ya wavulana yalishaharibiwa mara mbili, na mwalimu alishasema ikitokea tena atatafuta fundi mwingine.

Basi fundi akaamua kuwapa wanachokipenda. Alichanganya dawa ya panya na unga uleule wa muhogo, akauweka kwenye bakuli juu ya kabati, akatoka kumpelekea mteja suruali yake. Kuonya hakuonya. Nani angeugusa, na mama mkwe na magoti yake yale hanyanyuki kitini?

Siku hiyo alinyanyuka. Fundi aliporudi alimkuta ameshika pasi, jasho likimtiririka, furaha tele usoni, na meza tupu. Alimwonea huruma mkwewe, alisema, kila siku kiguu na njia, akaona ammalizie kazi. Unga aliukuta tayari, akaukoroga kwa maji ya moto, akapaka kola zote. Mwalimu alishapita kuyachukua mashati.

"Unga upi, mama?"

"Ule wa juu ya kabati. Nimekosea, mwanangu?"

Fundi alitoka mbio. Njiani moyo ulimshawishi anyamaze, asije akakosa kazi na kuitwa muuaji kwa siku moja. Akauonea aibu moyo wake. Mtoto akiwa na wasiwasi hutafuna kola, kila fundi wa sare analijua hilo.

Kwaya ilikuwa imejipanga uwanjani.

"Vueni mashati! Kola zina dawa ya panya."

Mwalimu aliwavua mwenyewe, mashati yakarundikana chini. Fundi alipiga magoti akayapekua moja moja. Kavu. Kavu. Kavu. Kisha akashika kola iliyolowa, yenye alama za meno.

Mwalimu akauliza ni nani aliyekuwa akitafuna kola. Watoto walitazama chini. Wiki iliyopita aliwachapa wawili kwa kosa hilohilo.

"Hachapwi mtu," fundi aliwaambia, machozi yakimlenga. "Semeni tu, wanangu. Atakayesema atapona."

Walisimama vifua wazi, midomo wameifumba, na hakuna aliyeinua mkono.